MTOTO WA NYUMBANI NA SAA ZA KAZI

(Hotuba ya ndugu mmoja wa karakana ya reli mbele ya wanachama, Kisumu. Tumeichapa kama alivyoisema.)



Mimi si mwanasheria. Shule yangu ni ya msingi, ya misheni, na yaliyozidi hapo nimejifunza karakanani na katika chama hiki. Lakini Katibu alinituma nisome sheria juu ya watoto na kazi, hasa kazi za biashara zetu za nyumbani, nami nimezisoma jioni nyingi nikiwa na kamusi mkononi. Pale nilipokwama nilikwenda kumwuliza afisa wa kazi, naye hakunicheka. Basi nitasema kama nilivyofahamu, na mwenye kujua zaidi anisahihishe.

Kwanza niwaambie kwa nini nilikubali kutumwa. Mnakumbuka mkutano ule tuliozungumza juu ya ovataimu. Ndugu mmoja alisimama pale nyuma akasema, "Saa nane ni saa nane, na inayozidi ilipwe." Tulimpigia makofi, na mimi nilipiga kuliko wengi. Nikatoka hapa nikaenda zangu kwa miguu, na saa tatu ya usiku nikapita penye kibanda cha mke wangu, pale anapouza mgongo wazi. Nikamkuta binti yetu wa kwanza, wa miaka 12, ameketi mbele ya karai la mafuta ya moto, anageuza samaki, na daftari lake la hesabu amelikandamiza kwa kopo la chumvi lisipeperushwe na upepo. Mama yake alikuwa amekwenda kununua makaa. Wateja walikuwa wamesimama watatu, na mmoja wao alikuwa mwanachama aliyetoka mkutanoni kama mimi. Hakusema neno, na mimi sikusema neno.

Usiku ule nilikaa nikahesabu. Mtoto huyu hutoka shuleni saa kumi ya jioni, naye alikuwa akikaa kibandani hadi saa tatu. Hizo ni saa 5 kwa siku, yaani saa 25 kwa siku tano za shule. Jumamosi alianza asubuhi, nikaweka saa 9. Jumapili baada ya kanisa alikwenda na mama yake soko la Kibuye, nikaweka saa 6. Jumla ni saa 40. Sikutia humo shule yenyewe, wala kuteka maji, wala kuosha vyombo. Mimi napigania saa za kazi hapa chamani, na nyumbani kwangu alikuwako mtu wa miaka 12 anayefanya wiki nzima ya kazi juu ya wiki nzima ya shule, bila senti, bila likizo, wala hana chama. Na tajiri wake ni nani? Ni mimi niliyepiga makofi.

Sasa sheria. Sheria kubwa ya kazi katika Kenya ni Sheria ya Ajira ya mwaka 2007. Hiyo yasema kwamba mtoto ni kila mtu ambaye hajatimiza miaka 18. Asiyefika miaka 13 haajiriwi kabisa, kwa malipo au bila malipo. Yafaa mlishike hilo neno "bila malipo", maana wako wanaofikiri kwamba wasipomlipa mtoto basi hawakumwajiri. Wa miaka 13 hadi 16 aweza kupewa kazi nyepesi tu, isiyodhuru afya yake wala kumzuia shule. Katika viwanda na kazi za namna hiyo, wa umri huo hashiki mashine, isipokuwa mwanagenzi mwenye mkataba. Na hakuna mtoto anayefanya kazi humo kuanzia saa kumi na mbili na nusu ya jioni mpaka saa kumi na mbili na nusu ya asubuhi. Mwenye kuvunja amri hizi aweza kutozwa faini hadi shilingi 200,000, au kufungwa hadi miezi 12, au vyote viwili.

Nilipofika hapo nilifunga kitabu nikasema, mambo yamekwisha, kila kitu kimeandikwa. Lakini afisa wa kazi akanirudisha nyuma, kwenye kifungu cha 3, mahali ambapo mtu wa haraka hupita bila kutazama. Pale imeandikwa watu ambao sheria hii haiwahusu. Wako askari wa jeshi, wako polisi, na wengine. Na kati yao yuko mwajiri pamoja na wategemezi wake, ikiwa wategemezi hao ndio wafanyakazi pekee katika biashara ya jamaa. Nilimwomba asome mara ya pili. Akasoma.

Maana yake ni hii. Kibanda changu, kikiwa na mke wangu na watoto wangu tu, kimewekwa nje ya ua wa Sheria ya Ajira. Yale ya miaka 13, ya kazi nyepesi, ya usiku, yote niliyowasomea sasa hivi, hayaingii. Nadhani baadhi yenu mmefurahi kusikia hayo. Ngojeni kidogo.

Tazameni neno "pekee". Yuko ndugu yetu mmoja, simtaji, aliyechukua akiba yake akanunua kinu cha kusaga posho upande wa Ahero. Alimweka kijana wake wa miaka 15, na pamoja naye mtoto wa jirani, wa umri ule ule, aliyelipwa kwa siku. Walifanya kazi baada ya shule na siku za mapumziko. Siku moja mkanda wa mashine uliteleza, kijana wa mwenye kinu akaupeleka mkono aurudishe huku mtambo unazunguka, ukamkata vidole viwili. Sisi tunaofanya kazi na mashine twajua kwamba mkanda haurudishwi hivyo, lakini nani alimfundisha? Nilipokwenda kumpa pole baba yake, aliniambia, "Afadhali ni mwanangu. Angekuwa yule wa jirani ningefungwa." Ndivyo alivyoelewa sheria. Alikosea. Siku ile alipomlipa mtoto wa jirani shilingi ya kwanza, wategemezi wake hawakuwa tena wafanyakazi pekee, na sheria yote ikaingia kinuni pamoja na mtoto yule. Ilimhusu jirani, na ilimhusu mwanawe vile vile. Hakuna aliyempeleka kortini, maana nani angemshtaki? Mama wa kijana? Na juu ya fidia, Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 imewekwa kwa ajili ya mtu aliyeajiriwa. Kijana yule hakuwa na hati wala mshahara wala jina katika daftari lolote. Vidole vile havikulipwa na mtu.

Tena tusidhani kwamba tundu hili lilitobolewa Nairobi. Ni la zamani. Shirika la Kazi la Kimataifa lilipokutana mara ya kwanza, Washington, mwaka 1919, lilipitisha mkataba wa kukataza watoto walio chini ya miaka 14 kufanya kazi viwandani, na papo hapo likaondoa mahali ambapo wanafanya kazi watu wa jamaa moja tu. Mwaka 1973 shirika hilo hilo likatoa mkataba Na. 138 juu ya umri wa kuanza kazi. Kenya iliukubali mwaka 1979, na umri iliotaja ni miaka 16. Mkataba huo nao waruhusu nchi changa kuyaacha nje mashamba madogo ya jamaa yanayolimia watu wa karibu bila kuajiri vibarua wa kudumu. Sababu yake naifahamu. Hakuna serikali iliyopenda kumtuma inspekta jikoni kwa mtu, na hakuna mbunge aliyetaka kuwaambia wapiga kura kwamba mtoto asichunge mbuzi wa baba yake.

Lakini matokeo ni haya. Shirika la Kazi na UNICEF walikadiria mwaka 2020 kwamba watoto wanaotumikishwa duniani ni milioni 160, na katika kila 100, 72 walikuwa wakifanya kazi ndani ya jamaa zao wenyewe. Makadirio ya mwaka 2024 yameshuka hadi milioni 138, na hiyo ni habari njema. Hata hivyo fikirini: tumeweka askari kwenye lango la kiwanda, na watoto wengi wanapita mlango wa nyuma, ambao ni mlango wa nyumba zetu.

Je, mtoto wa nyumbani hana sheria hata moja? Anazo, na hapa ndipo waliofurahi mwanzo wasikilize. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 53, yasema kila mtoto ana haki ya kukingwa na kazi ya hatari au ya kunyonywa, na ana haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Haikuandikwa pale "isipokuwa mtoto wa mwenye duka." Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yamlazimisha mzazi kumpeleka mtoto shule, na yamkataza mtu yeyote kumwajiri mtoto wa umri wa shule katika kazi inayomzuia kusoma. Na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, iliyochukua mahali pa ile ya 2001, yamkinga mtoto na utumikishwaji, wala haikuandikiwa matajiri wa viwanda peke yao. Basi biashara ya jamaa imetolewa katika sheria moja, lakini mtoto hakutolewa pamoja nayo. Tofauti ni kwamba huko kwingine hutaulizwa, "Umeandika mkataba? Umeweka daftari?" Utaulizwa mambo mengine: mtoto huyu anasoma? Kazi hii yamdhuru?

Nataka kukaa kidogo kwenye maswali hayo mawili, maana sisi watu wa ziwa tuna namna yetu ya kuyakwepa.

Mtu akiulizwa kama mtoto wake anasoma, hujibu, "Ndiyo, yuko shule, ameandikishwa." Kuandikishwa ni kitu kimoja. Mimi nililelewa na baba mdogo ufuoni. Alikuwa na mtumbwi na juya, ule wavu wa kukokotwa kutoka nchi kavu ambao umepigwa marufuku. Alituamsha saa kumi ya usiku, tukaingia majini hadi kifuani, tukavuta. Jua likichomoza tulikuwa bado tunavuta. Nilifika shule nguo zikiwa mbichi, nikakaa dawati la nyuma, nikalala. Katika rejista ya mwalimu mimi nilikuwako kila siku. Ningekuwa kwenye hesabu ya serikali ningehesabiwa mwanafunzi mwema. Nililipata jina la kusoma tu, na kichocho nikakipata pia, ambacho watoto wa maji yale wanakijua. Lakini sitaki mfikiri baba mdogo alikuwa mtu mbaya. Viatu vyangu vya kwanza alininunulia yeye, kwa samaki wale wale. Hakuwa na pesa ya kumlipa mvutaji mtu mzima, basi.

Na kwa omena ni vivyo hivyo. Mnajua ninyi akina mama. Mashua zinarudi alfajiri, omena wananunuliwa ufuoni, wanatandazwa, na lazima wakauke siku ile ile. Kukiwa na jua, mtoto aenda shule. Mawingu yakikusanyika upande wa Nandi, mtoto anaitwa aje kuokota kabla ya mvua, kwa sababu omena walionyeshewa huuzwa kuwa chakula cha kuku, kwa bei ya kuku. Mwalimu mmoja wa huko aliniambia kwamba yeye hutazama mbinguni asubuhi akajua darasa litakuwa na watoto wangapi. Haya hayamo katika sheria yoyote kwa jina. Lakini mwezi wa mvua ukiisha na mtoto amekosa siku nane, hiyo ndiyo kazi inayomzuia kusoma, hata kama kila siku ilikuwa "leo tu".

Juu ya madhara nitasema upesi. Kazi nyingine hazina mjadala. Kumpeleka mtoto vilindini usiku na taa, kumshusha katika mashimo ya dhahabu kule Nyatike, kumpa kuvunja mawe au kuchimba mchanga, hizo ni kazi za hatari, na mtu asiniambie ni malezi. Kenya ilikubali mkataba Na. 182 wa kazi mbaya kabisa za watoto mwaka 2001, na asiyetimiza miaka 18 haingii humo, awe mwanao au mwana wa mwingine. Karai la mafuta ya moto je? Nilimwuliza afisa wa kazi. Akaniuliza, "Wewe karakanani ungemruhusu mwanagenzi wa miaka 12 kushika chuma chenye moto?" Sikujibu.

Najua mzee mmoja hapa atasimama aseme, samaki mkunje angali mbichi. Nami nakubaliana naye. Sijaja kusema mtoto asifanye kazi. Mtoto afagie, ateke maji, ahesabu chenji, ajifunze kupima gorogoro bila kumpunja mteja, asaidie Jumamosi saa mbili tatu akijua jinsi pesa ya chakula inavyopatikana. Mtoto asiyejua kazi ya mama yake hufika mjini akadhani pesa huota. Lakini kusaidia kuna mwisho wake. Akisaidia, yeye asipokuja biashara hufunguliwa. Asipokuja na biashara isifunguliwe, huyo si msaidizi tena, ni mfanyakazi mliyemtegemea, na hapo hesabuni saa zake kama mnavyohesabu zenu. Kipimo hicho si cha sheria, ni changu. Kinanitosha.

Sasa neno ambalo ni la chama hasa. Kwa nini mke wangu yuko kibandani hadi saa tatu? Kwa sababu mshahara wangu haufiki mwisho wa mwezi. Ukiisha tarehe 20, zile siku 10 zinazobaki hulipwa na kibanda, na kibanda kililipwa na usingizi wa mtoto wangu. Tajiri wangu haijui habari hiyo, lakini anafaidika nayo, kwa sababu mimi naendelea kuja kazini nimeshiba kwa mshahara usiotosha. Ndiyo maana nasema jambo hili si la nyumbani peke yake. Tunapokwenda kuzungumza mishahara, tupeleke hesabu ya nyumba nzima. Tuwaambie saa ngapi mke anafanya na saa ngapi watoto wanafanya ili mtu mmoja wa reli aweze kuishi. Tusione haya. Aibu yangu nimekwisha kuisema mbele yenu.

Na kabla ya kwenda kwa tajiri, naomba tawi letu likubaliane juu yetu wenyewe. Mwanachama mwenye kinu asiweke mtoto penye mkanda. Mwenye hisa katika mashua asikubali mtoto apande usiku, aseme hivyo kwa kamati ya ufuo. Na ile saa kumi na mbili na nusu ya jioni, ambayo sheria imeiwekea viwanda, sisi tuichukue iwe yetu hata vibandani. Hatuhitaji Bunge kwa hilo. Na mtu akiona mtoto anayeteswa kwa kazi, awe wa jamaa au aliyeletwa kutoka kijijini kwa jina la ujamaa, aende kwa afisa wa watoto au kwa chifu, au apige simu namba 116, ambayo ni ya bure.

Mtaniuliza, na wewe umefanya nini? Mke wangu ndiye aliyeniuliza kwanza. Nilipomwonyesha hesabu yangu ya saa 40 hakukasirika, alisema, "Sawa. Na mahali pake nitaweka nani, na nitamlipa nini?" Nilikaa siku nyingi bila jibu. Mwisho tumemchukua dada mmoja wa miaka 20 wa mtaani kwetu, anafanya jioni. Faida imepungua, sitawadanganya. Nyama tunakula mara chache na karo ya mdogo wangu nimeichelewesha. Binti yangu anakaa nyumbani anasoma, na mara nyingine anasinzia tu, nami namwacha asinzie.

Lakini sikilizeni lililonipata. Nilipomwambia afisa wa kazi habari za yule dada, alicheka akanirudisha kwenye kifungu cha 3. Wategemezi wangu si wafanyakazi pekee tena. Tangu tulipomwajiri, Sheria ya Ajira yote imeingia kibandani. Binti yangu hajatimiza miaka 13, kwa hiyo hata tukitaka kumrudisha kwenye karai, haturuhusiwi. Na yule dada ana haki zake juu yangu, ya mapumziko na ya mshahara kwa wakati, na akisimama siku moja adai ovataimu itabidi nimpigie makofi.

Nimekwisha. Ndugu Mwenyekiti, nafikiri mzee wa samaki mkunje amekwisha inua mkono.